Maji ya Rejeta Yanapungua Kila Siku? Tandika Boksi Chini ya Gari Kabla Hujamlipa Fundi



Najua niliahidi kuandika jinsi ninavyopiga picha za vitanda kwa simu ya kawaida mpaka mteja anatuma hela bila kufika dukani. Ipo, itakuja. Leo nimebadilisha kwa sababu kuna jambo limenikuta ambalo nusura limeze mtaji wangu wote, na najua wengi humu mna pikapu, kirikuu au Noah ya kupelekea mizigo na mnafanya kosa lile lile nililokuwa nafanya mimi. Asubuhi unafungua boneti, unaona maji yamepungua, unajaza, unafunga, unaondoka. Kesho tena.

Mimi si fundi. Nimeishia form four na ufundi wote ninaoujua nimeupata kwa kusimama pembeni ya mafundi nikiuliza maswali mpaka wananichoka. Duka langu liko Iringa, nauza vitanda, meza na makabati mtandaoni. Mbao zinatoka Mafinga, maseremala wako hapa hapa mjini, na mzigo naupeleka mwenyewe kwa Hilux ya zamani ya dizeli, injini ya 3L, ambayo nimeinunua ikiwa imepita mikono ya watu sijui wangapi.

Hiyo Hilux ilianza kupunguza maji. Mwanzo nusu lita kwa siku mbili, baadaye nusu lita kila siku. Sikuona tone chini, sikuona moshi, geji ya joto iko katikati kama kawaida. Nikaweka dumu la lita tano nyuma ya siti, nikasema poa, gari ya zamani lazima inywe maji kidogo. Nilikaa hivyo wiki tatu.

Jumanne moja nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni. Nilishusha makabati mawili huko, na ili nisirudi mtupu nikapakia vitunguu vya mama mmoja wa sokoni. Wanaoijua njia hiyo wanajua kinachofuata: ukitoka kule bondeni kuja Iringa lazima upande Kitonga. Gia ya pili, lori mbele yako linatambaa, huwezi kulipita, injini inanguruma na upepo wa kupooza rejeta haupo.

Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita ya ndani iwe ya moto mpaka mwisho, maana hita nayo ni kama karejeta kadogo, inavuta joto kutoka kwenye injini. Tukawa tunaoka humo ndani na binamu yangu ambaye ndo utingo wangu. Mshale ukapanda zaidi, halafu ghafla ukashuka mpaka katikati. Nikashangilia. Binamu akasema, "Kaka, mbona hita imeanza kupuliza baridi?"

Naomba mshike hapo. Mshale umeshuka na hita imekuwa baridi kwa wakati mmoja, wakati injini inafanya kazi ngumu, maana yake maji hayapo. Ile sensa ya joto inasoma maji. Maji yakiisha pale ilipo, inabaki hewani na inaweza kukudanganya kuwa mambo ni shwari huku injini inaungua. Sikulijua hilo siku ile, ila sauti ya binamu ilinitisha nikaegesha sehemu ya kwanza iliyokuwa na upana, nikazima.

Tulikaa dakika hamsini bila kugusa mfuniko. Watu wanaungua uso na mikono kwa kufungua rejeta ya moto, kwa sababu maji yale yako kwenye presha na ukiyaachia yanaruka yote kama mvuke. Kingine, usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Chuma kikipoa ghafla kinaweza kupasuka, na silinda hedi ikipasuka hapo ndo tunaongea hela nyingine kabisa. Ilipopoa tukaingiza lita zote tano kidogo kidogo, tukatembea taratibu mpaka Ilula, tukaongeza tena, tukafika mjini usiku.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa na presha kuliko rejeta. Kuna mama anafungua gesti Mikumi, alikuwa ameniagiza vitanda kumi kwa 120,000 kila kimoja. Alishatuma nusu, 600,000. Siku ya kupeleka ni Jumamosi. Kwenye simu nilikuwa na 1,150,000, na kati ya hizo 600,000 ndo hiyo hiyo ya mama, bado sijamaliza kuwalipa maseremala. Kukodi gari ya kupeleka mzigo Mikumi niliambiwa 250,000. Faida yangu kwenye oda nzima ilikuwa kama 280,000. Yaani ningefanya kazi ya wiki mbili nipate elfu thelathini.

Jumatano asubuhi nikaenda gereji. Fundi akasikiliza, akauliza ilichemka wapi, nikasema Kitonga. Akawasha, akasikiliza injini kidogo, akasema, "Hedi gasketi imekufa hiyo. Tufungue hedi, tupeleke ikachongwe, gasketi mpya, oili mpya. Laki tisa." Hakufungua hata kifuniko kimoja. Simlaumu sana, inawezekana kabisa injini iliyochemka ikaua gasketi. Ila niliuliza, "Fundi, umejuaje?" Akasema, "Uzoefu, kijana." Nikamwambia naomba siku moja nitafute hela. Ukweli nilikuwa naenda kutafuta ushahidi.

Nilianza na maswali ambayo hayana gharama. Gasketi ya hedi ikiwa imekufa, kuna dalili unaweza kuziona mwenyewe. Nikachomoa kijiti cha oili: oili ni nyeusi, safi, haijawa kama chai ya maziwa. Nikaangalia chini ya kifuniko cha kujazia oili, hakuna utando mweupe. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa nilifungua mfuniko wa rejeta, nikajaza maji mpaka juu, nikawasha bila mfuniko nikaangalia. Viputo vichache mwanzo ni kawaida, hewa iliyobaki inatoka. Gasketi mbovu inatoa viputo mfululizo visivyoisha, kama sufuria inayoanza kuchemka, kwa sababu moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye njia ya maji. Kwangu viputo viliisha. Nikashika mpira wa juu wa rejeta dakika mbili baada ya kuwasha, haukuwa umejaa na kuwa mgumu kama jiwe. Nikaangalia eksozi injini ilipopata moto, hakuna wingu jeupe linaloendelea. Kuna mafundi pia wana kichupa chenye dawa ya buluu kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kukiwa na moshi wa injini kwenye maji, dawa inabadilika rangi. Kama fundi wako anataka kufungua hedi, mwombe kwanza hicho kipimo.

Basi kama maji hayaingii ndani ya injini, yanatoka nje. Wapi? Hapa ndo biashara ya mtandaoni ilinisaidia, maana kitu ambacho sisi hatukosi ni maboksi. Usiku ule nilitandika maboksi manne yaliyofunguliwa chini ya injini yote, kuanzia bampa mpaka chini ya miguu ya dereva, nikaandika kwa kalamu nzito "mbele", "kushoto", "kulia" ili asubuhi nisichanganye. Nikabandika selotepu kwenye chupa ya akiba ya maji na kuchora mstari pale maji yalipofika. Nikapiga picha ya kilomita kwenye dashibodi.

Asubuhi ya Alhamisi: doa moja, ukubwa wa kiganja, upande wa chini wa rejeta. Nikalala chini na tochi. Klipu ya mpira wa chini imelegea na ina kutu, mpira una unyevu. Nikaikaza. Jamani nilicheka peke yangu, laki tisa imegeuka kuwa mzunguko wa bisibisi! Nikazunguka na gari mjini mchana wote. Jioni nikaangalia chupa: maji yamepungua chini ya mstari. Sikucheka tena.

Hapo ndo nikampigia yule mama wa Mikumi. Nilikuwa nimepanga kumdanganya kuwa vanishi haijakauka, maana ndo uongo wetu sote tunaouza fenicha. Nikaona hapana. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Gari yangu ina shida ya maji, naitafuta, naomba uniongezee siku moja, nije Jumapili." Akanyamaza kidogo, nikahisi hela ya watu inanitoka mfukoni. Akasema, "Mwanangu, bora umeniambia leo. Mgeni wangu wa kwanza anaingia Jumatatu. Jumapili isivuke." Nikapata siku moja.

Usiku wa Alhamisi nikatandika maboksi mapya. Doa la jana halikuwepo, klipu imepona. Ila kulikuwa na matone matatu madogo nyuma zaidi, chini ya sehemu ya mbele ya injini, nyuma ya feni. Madogo sana, kama machozi. Kwa nini nusu lita inapotea na chini kuna matone matatu? Jibu lilikuwa juu, mahali ambapo sikuwahi kuangalia: upande wa ndani wa boneti. Kulikuwa na mstari wa madoa meupe kama chumvi, umepita sawasawa na feni. Maji yalikuwa yanadondokea nyuma ya feni, feni inayarusha huku na huku, yanakauka kwa joto, hayafiki chini. Na kwa sababu nilikuwa naweka maji ya bomba matupu, hayana rangi, yaliacha chokaa tu. Ningekuwa na kulanti yenye rangi ningeona michirizi ya kijani au nyekundu tangu wiki ya kwanza. (Wenye gari zenye ac, msichanganye: ac inadondosha maji safi chini, na hayo hayana rangi, hayana harufu, hayana utelezi. Hayo si ugonjwa.)

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja anayeziba rejeta. Ana pampu ndogo ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, unapampu hewa mpaka presha ifikie ile iliyoandikwa kwenye mfuniko. Wangu umeandikwa 0.9, yaani bar 0.9. Halafu unakaa unaangalia mshale. Ukibaki palepale, hakuna pa kutokea. Wa kwangu ukaanza kushuka polepole. Mzee akanipa tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akasema, "Haya kijana, tafuta mwenyewe." Nikaingiza kioo chini ya wota pampu. Kuna katundu kadogo kamechongwa kiwandani chini ya shafti ya pampu, kazi yake ni hiyo hiyo, kutoa habari. Sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea kwenye katundu hako badala ya kuingia kwenye beringi. Tone likajitokeza, likaning'inia, likadondoka. Mzee akashika bledi za feni akazitikisa mbele na nyuma, zikacheza. Beringi nayo imeanza kwenda. Ingeachia nikiwa njiani, feni ingeweza kwenda kuikata rejeta.

Akapima na mfuniko peke yake kwa kifaa kile kile. Haukushika hata nusu ya presha yake. Hili wengi tunalidharau, tunaona ni kizibo tu. Iringa tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kama nyuzi 95, hayafiki 100. Mfuniko mzima ukishikilia ile bar 0.9, maji yale yale yanavumilia mpaka nyuzi 115 hivi ndipo yachemke. Mfuniko ukifa, unapanda Kitonga na maji yanayochemka mapema. Kwa hiyo nilikuwa na wagonjwa watatu kwa pamoja: klipu, pampu na mfuniko.

Spea nikaitafuta kwa simu, na hapa niwaambie ndugu zangu mnaouza spea mtandaoni, tuma picha ya upande wa nyuma wa pampu pia. Muuzaji wa kwanza alinitumia picha moja nzuri ya mbele, nikafika dukani kwake, shafti ni fupi kuliko yangu. Nimepoteza saa mbili, yeye kapoteza mteja. Wa pili aliniuliza mwenyewe, "Ya zamani umeifungua? Njoo nayo." Tukaziweka sambamba mezani, tukahesabu matundu ya bolti, tukapima urefu wa shafti. Nikalipa.

Kazi yenyewe nilifanya na kijana wa yule mzee. Kumwaga maji tulikinga beseni, kwa sababu kulanti ni sumu na ina utamu, mbwa na hata mtoto anaweza kuinywa. Kwenye gari yangu feni imefungwa kwenye pampu, kwa hiyo inatoka kava ya feni, feni, mikanda, ndipo pampu. Gari nyingine pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi. Hiyo usijaribu kama mimi, mpe fundi, na mkanda ubadilishwe hapo hapo. Sehemu iliyochelewesha ni kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwenye injini. Kijana alitumia wembe kwa upole kwa karibu nusu saa, maana mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya maji. Silikoni tulipaka nyembamba kama siagi ya mtu bahili, ikizidi inavunjika vipande na kwenda kuziba rejeta. Bolti tulizikaza kidogo kidogo kwa kukingamisha, hii halafu ya upande wa pili. Mikanda, ukibonyeza kwa dole gumba katikati ishuke kama sentimita moja. Mipira miwili ya rejeta niliamua kubadilisha, ilikuwa imeshaanza kuwa na nyufa ukiikunja.

Kuhusu thamostati, gari yangu haikuwa nayo, mwenye gari wa zamani aliitoa. Mafundi wengi huku wanaitoa wakisema inachemsha gari. Ikikwama imefungwa ndiyo, inachemsha, badilisha. Ila kuitoa kabisa kunafanya injini ikae baridi na kunywa mafuta zaidi, na kuna injini ambazo bila thamostati sehemu ya maji inazunguka kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Nimeagiza yangu, bado haijafika. Na wale walioniambia nivunje yai kwenye rejeta au niweke unga wa kuzibia, nawashukuru, ila unga unaoziba tundu baya unaziba na vijitundu vizuri vya rejeta. Sabuni ya mche kwenye ufa ukiwa porini sawa, ufike nyumbani, basi.

Kujaza: nusu kulanti nusu maji safi yaliyochujwa, si ya kisima chenye chumvi. Polepole, hita ikiwa wazi, mfuniko wazi, injini inaunguruma taratibu mpaka viputo viishe na mpira wa juu upate moto. Maji yanashuka, unaongeza, ndipo unafunga. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi angalia tena, lazima kuna hewa ilibaki. Mimi niliongeza kama robo lita.

Hesabu yote: wota pampu 95,000, mfuniko 12,000, mipira miwili na klipu 40,000, kulanti galoni mbili 50,000, kupima presha 10,000, kijana 40,000. Jumla 247,000. Faida ya vitanda karibu yote imeenda, sitawadanganya. Ila laki tisa ingekuwa imekula hela ya mama na mishahara ya maseremala, na gari ingerudi na pampu ile ile inayovuja.

Jumamosi tulipakia na kuzunguka mjini na mzigo, tukarudi tukatandika maboksi. Makavu. Jumapili saa kumi na moja alfajiri tukashuka Kitonga, saa nne vitanda viko Mikumi. Mama akavikagua kimoja kimoja, akavitikisa, akatuma 600,000 iliyobaki, akauliza na mimi nauza meza za kulia chakula. Kurudi tulipakia vitunguu tena. Kwenye mlima binamu hakuangalia barabara hata kidogo, macho kwenye mshale tu, mkono kwenye tundu la hita.

Leo asubuhi nimepima kabla ya kufungua duka. Kilomita 1,340 tangu pampu mpya, maji yapo kwenye mstari ule ule wa selotepu.